Eti Wameiharibu Katuni Yetu

Mwaka 2018 ulitokea ugomvi huko Marekani ambao ukiusikia mara ya kwanza utacheka. Yalitolewa matangazo kwamba katuni mbili za watoto za mwaka 1985 zinatengenezwa upya. Moja ni ThunderCats, wale mashujaa nusu watu nusu paka. Ya pili ni She-Ra, yule binti mfalme mwenye upanga. Picha za mwanzo zilipotoka tu, kelele zikaanza. ThunderCats wapya walichorwa kwa mtindo wa vichekesho, watu wakasema hayo ni matusi kwa wale wa zamani. She-Ra mpya alichorwa kama msichana wa kawaida, si mrembo wa umbo kama yule wa kwanza, basi wanaume wazima wakaja juu eti uzuri wake umeporwa. Angalia hapo: waliolia hawakuwa watoto. Walikuwa watu wenye kazi na wake, na pengine watoto wao walikuwa pembeni wanawashangaa.

Huku kwetu Bisibo jambo hili laweza kuonekana ni la watu walioshiba. Mwaka 1985 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi bara tukangoja mpaka 1994, na vijijini tukangoja zaidi. Hakuna mzee wa Bisibo atakayekwambia kwamba She-Ra wake ameharibiwa. Lakini swali lililojificha ndani ya ugomvi ule ni letu pia. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto, watoto wale wakishakuwa watu wazima, kinabaki kuwa cha nani?

Mimi sitaki kuwacheka haraka wale wanaolalamika. Hadithi uliyoipenda ukiwa na miaka saba si kama shati ambalo likikubana unampa mdogo wako. Ndiyo iliyokuonyesha kwa mara ya kwanza kwamba mnyonge anaweza kushinda, au kwamba rafiki anaweza kukusaliti. Mtu akija kuigusa, unahisi amegusa msingi wa nyumba yako. Hisia hiyo ni ya kweli, na mwenye nayo si mjinga.

Wapo wanaojibu: "Tatizo liko wapi? Ile ya zamani ipo, kaitazame." Jibu hili ni jepesi mno. Mtengenezaji angetaka jambo jipya kabisa angebuni jina jipya. Hakufanya hivyo. Amechukua jina la zamani kwa sababu anajua jina lile lina imani ya watu ndani yake. Baba akiliona atamwita mwanawe waje watazame wote. Kutumia jina hilo ni kukopa, na aliyekopa anadaiwa. Hapo walalamikaji wana haki, tena kubwa.

Ila sasa tuulize: anadaiwa nini hasa? Je, anadaiwa sura ileile, sauti ileile, na kiuno kilekile cha She-Ra? Hebu tukumbuke ile katuni ya 1985 ilivyozaliwa. Ilikwenda sambamba na wanasesere wa kampuni ya Mattel, ili watoto wawaombe wazazi wao wawanunulie. Yaani hicho ambacho watu wanakilinda kama kitu kitakatifu kilikuja duniani kikiwa na bei mgongoni. Sisemi kwamba kwa sababu hiyo hakina thamani. Nasema thamani yake haikutoka kwenye michoro. Imetoka kwa mtoto aliyekaa mbele yake akaongeza ya kwake. Na kama ni hivyo, anayedai michoro irudi ilivyokuwa anadai kitu ambacho hata kikirudi hakitampa anachokitafuta. Anachokitafuta ni ile miaka saba yake, na hiyo hakuna kampuni inayoweza kuichora.

Kuna jambo ambalo kila aliyewahi kusimulia hadithi jioni analijua. Bibi akisema leo Fisi alianguka mtoni, na juzi alisema kisimani, watoto watapiga kelele: "Sivyo, bibi! Kisimani!" Watoto ni wakali kuliko mahakimu. Mbona basi hatuwalaumu? Kwa sababu mtoto bado yumo ndani ya hadithi. Anaishi humo, na mtu hataki nyumba anayoishi ihamishwe mlango usiku. Mtu mzima anaposema "sivyo" ni tofauti. Yeye alishatoka zamani. Amerudi akakuta wapangaji wengine, na anawaambia wasihamishe hata kiti kwa kuwa yeye aliwahi kukikalia. Neno ni moja, lakini haki iliyo nyuma yake si moja.

Kwa nini naona jambo hili ni zito, wala si mchezo? Nitatoa mfano mmoja. Kipindi cha Sesame Street kilianza Marekani mwaka 1969, kikafanyiwa matoleo katika nchi nyingi. Afrika Kusini wakawa na lao, Takalani Sesame, na mwaka 2002 wakaingiza kikaragosi kipya aitwaye Kami. Kami ni mtoto wa miaka mitano, yatima, mwenye virusi vya UKIMWI. Anacheza na wenzake na wenzake wanacheza naye, basi. Habari zilipofika Marekani, baadhi ya wabunge wa huko waliiandikia televisheni ya umma, PBS, wakitaka kuhakikishiwa kwamba kikaragosi kama huyo hataingizwa katika kipindi chao. Nao walikuwa wanakilinda kitu cha utotoni, kibaki safi kama walivyokizoea.

Sasa msomaji wa Kagera asome aya hiyo mara mbili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa katika mkoa wetu huu, mwaka 1983. Hatuhitaji kuelezwa yatima ni nani, wala maana ya mtoto kukaa peke yake kwenye dawati kwa sababu ya maneno ya watu kuhusu mama yake. Mtoto yule angewashwa televisheni akamwona Kami anarushiana mpira na wenzake, angejifunza jambo ambalo toleo la zamani, hata liwe tamu namna gani, lisingeweza kumfundisha, kwa kuwa ndani ya toleo la zamani yeye hakuwemo. Hapo ndipo lilipo deni. Anayesema "msibadilishe chochote" huenda anamfungia mlango mtoto aliyeko nje.

Najua atatokea mtu aniambie: "Haya, tuwaachie watoto waamue wenyewe. Kinachowachekesha ndicho kizuri." Hapana bwana. Mtoto ukimwachia achague atakula sukari mchana kutwa. Nimekaa katika mabanda ya video nikaona watoto wakishangilia mtu anakatwa kichwa, na hakuna mkubwa wa kuwaeleza kitu. Kwa hiyo sisemi wakubwa wanyamaze. Mkubwa ni shahidi. Anajua ile hadithi ilimfanyia nini, na ushahidi huo ni mali. Lakini shahidi hatoi hukumu, na tena hapaswi kutoa ushahidi juu ya rangi ya nguo wakati kesi ni ya jambo jingine.

Kesi yenyewe naiona hivi. Je, mtoto wa leo anaweza kuondoka kwenye hadithi mpya na kile tulichoondoka nacho sisi? Kama tuliondoka na huruma, naye aondoke na huruma. Kama tuliondoka na ujasiri wa kumtetea mdogo, naye aondoke nao. Akiweza, sura na ibadilike, sauti ibadilike, shujaa awe msichana au kobe, hakuna aliyeibiwa. Asipoweza, hata wakichora kila unywele ulivyokuwa mwaka 1985, huo ni wizi, kwa sababu wamechukua jina na kutuachia ganda.

Kipimo hiki kisiishie kwa Wamarekani. Wazee wetu walikuwa na kipindi chao cha Radio Tanzania Dar es Salaam, Mama na Mwana, alichokiendesha Deborah Mwenda. Ukikaa nao watakwambia jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza redio ikifunguliwa, na mwisho watasema, "Watoto wa siku hizi hawana kitu." Haya, tuseme kesho kijana mmoja anakichukua kipindi kile na kukifanya katuni, na ndani yake mtoto anachaji simu kwenye sola badala ya kuchota maji. Tutafanyaje? Nahofia tutasema palepale kwamba ameharibu, kabla hata hatujasikia anachosimulia. Na huku tukisema hivyo, wajukuu zetu watakuwa wanatazama za wenzetu, ambazo hazina mzee wa kuzikatalia wala wa kuzifafanulia.

Mimi namwomba mzee huyo afanye jambo moja gumu. Aketi atazame na mjukuu wake mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha asiulize kama imefanana na ile yake. Amuulize mtoto: "Umemwonea nani huruma?" Mtoto akiwa na jibu, basi hadithi imefika, na mzee sasa aweza kumsimulia ya kwake.