Msafiri wa Njia ya Gaza

Wako watu wanaoshika Biblia kama hirizi. Mmoja huilaza chini ya mto ili ndoto mbaya zisimjie. Mwingine huifungua popote, akaweka kidole juu ya mstari, akadhani kwamba umemjulisha mwizi wake ni nani. Hiyo ni ramli, ingawa kitabu ni kitakatifu.

Matendo ya Mitume, sura ya 8, yasimulia habari za mtu wa Ethiopia, mtunza hazina wa malkia wake. Alikuwa amekwenda Yerusalemu kuabudu, naye akirudi kwao katika gari alikuwa akisoma nabii Isaya, mahali panenapo habari za kondoo apelekwaye kuchinjwa bila kufungua kinywa. Filipo akamkimbilia, akamwuliza kama anayafahamu anayoyasoma. Yule mkubwa, mwenye funguo za mali yote ya malkia, hakuona haya kukiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Akamsihi Filipo apande, aketi naye. (Mkatekumeni anyamazaye darasani kwa kuogopa kuchekwa, na amtazame huyu.)

Filipo hakumpigia bao. Alianza na maneno yale yale ya Isaya, akamhubiri Yesu. Walipofika penye maji, mtu yule akabatizwa. Mara Filipo akaondolewa machoni pake, naye akaendelea na safari akifurahi. Mwalimu hayupo tena, na njia ya kwao ingali ndefu. Lakini neno alilofahamu anakwenda nalo.

Katika Kongo yuko aliyekwenda vivyo hivyo. Isidori Bakanja alibatizwa mwaka 1906 huko Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville wakati ule, kisha akafanya kazi katika shamba la kampuni huko Ikili, mbali na mapadri. Msimamizi Mzungu akamwamuru avue skapulari ya Bikira Maria na aache kuwafundisha wenzake sala. Alikataa. Akachapwa kiboko hata mgongo ukawa kidonda kitupu, na kidonda hakikupona. Mapadri walipomfikia, wakamsihi amsamehe aliyempiga. Akajibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri.

Amri ya kuwaombea watesi imo katika Matayo, sura ya 5. Kuisikia Dominika ni rahisi. Ni vigumu wakati mbuzi ameibwa, au ndugu amepigwa, na vijana wa ukoo wamekwisha kushika fimbo, wangoja neno moja tu la mkubwa wao. Mkubwa huyo, ikiwa ni mkatekumeni, na awaambie wangoje hata asubuhi. Usiku ule na aisome sura ile pole pole, au asomewe na mtoto wake wa shule. Na akwame palipo pagumu, kama msafiri yule alivyokwama. Kukipambazuka na abishe mlango wa katekista kabla ya kurudi kwa vijana.