NUSU YA UKWELI

Fundisho la Kanisa juu ya uzazi lajulikana. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alilieleza katika barua yake Humanae Vitae mwaka 1968, nasi twalishika. Lakini leo twataka kunena juu ya deni jingine, yaani deni la ukweli. Je, auzaye dawa akinyamaza juu ya madhara yake, amesema uongo?

Tuzitazame jeli za kuua mbegu za kiume. Dawa iliyomo katika nyingi zao huitwa nonoksinoli-9. Hufanya kazi mfano wa sabuni: huupasua utando wa mbegu. Lakini sabuni haichagui. Yaweza kuichubua pia ngozi laini ya ndani ya mwanamke, hasa itumiwapo mara nyingi.

Zamani wataalamu walitumaini kwamba dawa hiyo ingewakinga watu na UKIMWI. Ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake wafanyao umalaya. Habari zilizochapishwa mwaka 1992 zilionyesha kwamba vidonda viliongezeka, na kinga haikuonekana. Mwaka 2000 yalitangazwa matokeo ya jaribio jingine la namna hiyo, lililofanywa Benin, Kodivaa, Afrika ya Kusini na Thailand: walioitumia mara nyingi kwa siku waliambukizwa zaidi. Mwaka 2007 serikali ya Marekani iliamuru onyo liandikwe juu ya bidhaa hizo.

Basi mama apewaye jeli hiyo bila kuambiwa neno ametendewaje? Hakudanganywa kwa maneno. Amedanganywa kwa kimya. Mwili ni wake na hatari ni yake. Haki ya kujua nayo ni yake. Dhamiri haiwezi kuamua vema juu ya jambo lililofichwa.

Walakini, sheria hiyo yatufunga na sisi. Wako miongoni mwetu wasemao kwamba jeli hizo huleta saratani, au kwamba huzaliwa watoto vilema. Hayo hayakuthibitika. Tena yatupasa kukiri kwamba hatari tuliyoitaja ni hasa ya wale waitumiao mara kwa mara. Kuongeza chumvi ili watu watusikilize ni kuivunja amri ya nane, hata kama nia yetu ni njema. Mungu hana haja ya kutetewa kwa uongo.

Kwa hiyo twawasihi waganga, wauza dawa, na makatekista wetu pia: semeni yote mnayoyajua, wala msizidishe. Asemaye nusu hupata faida yake leo. Nusu aliyoificha hulipwa na mwingine, naye hulipa kwa mwili wake.