Je, Ni Dhambi Kunywa "Macho ya Mchawi"?



Oktoba 31 inakaribia, na huku Momela tunasubiri mvua za vuli. Kijana mmoja kaniuliza: "Frateri, tumealikwa pati ya Halloween Arusha mjini. Kuna kinywaji kinaitwa Macho ya Mchawi. Nikinywa, nimetenda dhambi?"

Tuanze na glasi yenyewe. Machungwa, ndimu, tangawizi, na rozela ya kuleta wekundu kama damu. Hapo hakuna pepo, ni mazao ya shamba tu. Kikiongezwa kileo, swali linakuwa kiasi. Mtakatifu Thomas wa Akwino hakulaani divai, alilaani ulevi, maana mlevi anaitupa akili yake kwa hiari.

Lakini Katekisimu (namba 1750) inatutaka tupime mambo matatu: tendo, nia na mazingira. Kwenye mazingira ndipo pagumu. Marekani mchawi ni katuni. Kwetu Tanzania vikongwe wameuawa, hasa Usukumani, kwa kuwa tu macho yao ni mekundu, wakati wekundu ule mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Hayo ndiyo macho tunayoyachekea kwenye glasi.

Basi, mdogo wangu, kinywaji tengenezeni, ila jina badilisheni. Jioni ile ni mkesha wa Watakatifu Wote, kwa hiyo msikeshe mkakosa Misa ya Novemba 1. Na Novemba 2, tukiwaombea Marehemu Wote, tuwakumbuke na bibi zetu hao.