Ujira na Hiari

Je, mtu aweza kuuzwa na huku analipwa vizuri? Swali hili laonekana kama mzaha, lakini mchezaji mmoja wa Marekani alilipeleka mahakamani, likamgharimu kazi yake.

Curt Flood, aliyezaliwa mwaka 1938, alicheza besiboli katika klabu ya St. Louis Cardinals tangu 1958 hata 1969. Alilinda katikati ya uwanja wa nje, ambako mchezaji hukimbilia mpira uliopigwa mbali ili audake kabla haujagusa chini. Alipata tuzo ya ulinzi bora miaka 7 mfululizo. Oktoba 1969 aliarifiwa kuwa amebadilishwa kwa wachezaji wengine, aende Philadelphia. Hakuulizwa. Mkataba wa siku zile ulimfunga mchezaji kwa klabu yake mwaka baada ya mwaka. Asiyeridhika alikuwa na njia moja tu, kuacha mchezo.

Flood alikataa, akashtaki. Kwa kuwa mshahara wake ulikuwa dola 90,000 kwa mwaka, watu waliuliza: mtumwa gani huyu? Alijibu kwamba mtumwa alipwaye vizuri ni mtumwa vilevile. Yatupasa kuyapima maneno haya kwa haki. Mtumwa hasa hakuwa na ujira wala ruhusa ya kuondoka. Flood alikuwa navyo vyote viwili. Mfano wake ulizidi kipimo, lakini hoja yake haikuzidi. Ujira hulipia kazi, haununui hiari. Asemaye kuwa fedha nyingi hufuta haki ya kuulizwa amekiri kwamba utu una bei, na kilichobaki kwake ni kubishania kiasi.

Hakuna mchezaji aliyekuwa bado uwanjani aliyemtolea ushahidi. Mwaka 1971 Flood alirudi kwa michezo 13 tu, kisha akaacha. Juni 1972 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: Desemba 1975, katika shauri la wachezaji wengine wawili, msuluhishi alikifungua kifungo kile. Flood alifariki mwaka 1997. Mwaka 1998 ikatungwa sheria yenye jina lake.

Waliovuna walikuwa wengine. Deni lao kwake halilipwi kwa sifa. Hulipwa kila mwenye mamlaka anapomuuliza mtu kabla ya kumwamulia, hata kama mfuko wa mtu huyo umejaa.