Utomvu: Uchafu au Kizuizi?

Utomvu ni majimaji mazito yanayotoka kwenye gome la mti uliojeruhiwa, ambayo yakikutana na hewa hupoteza mafuta yake mepesi na kuganda, yakaziba jeraha na kuwazuia wadudu wasipenye. Kwa mti, basi, ni dawa. Tone hilohilo likidondokea gari lililoegeshwa kivulini, likakauka hadi likashikamana na rangi, mwenye gari huliita uchafu na kulitafutia spiriti, kwa kuwa maji matupu hayaliyeyushi. Je, uchafu ni sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe, au ni hukumu ambayo binadamu hukitwika kutokana na mahali kilipo?

Mwanaanthropolojia wa Uingereza Mary Douglas, katika kitabu chake Purity and Danger cha mwaka 1966, alishikilia jibu la pili, kwamba kichafu ni kile kilichokosa mahali pake katika mpangilio ambao jamii imejiwekea. Historia ya pwani ya Afrika Mashariki inamuunga mkono kwa nguvu. Katika karne ya 19 sandarusi, yaani utomvu wa mtandarusi ulioganda na kukaa ardhini kwa muda mrefu, ilichimbwa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, ikapitia Unguja na kupelekwa Ulaya na Salem, Marekani, ili itengenezwe vanishi, na vanishi za namna hiyo zilipakwa juu ya samani na magari ya farasi yapate kung'aa. Kinachofutwa leo juu ya gari ni cha ukoo mmoja na kilichokuwa urembo wa gari.

Hata hivyo, jibu la Douglas halitoshi, kwa sababu kwalo kilichokosa mahali pake huondolewa ili kulinda mpangilio tu, bila kuulizwa kinadhuru nini. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inaona mbali zaidi. Wanazuoni hutenganisha najisi, ambayo ni kitu kilichohukumiwa na sheria kuwa kichafu, kama mkojo, na kizuizi, ambacho chenyewe chaweza kuwa tohara kabisa lakini kinayanyima maji njia ya kufika kwenye ngozi wakati wa udhu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, alieleza katika Al-Majmu' kwamba nta, unga uliokandwa au hina ikiganda juu ya kiungo na kuyazuia maji, hata kwa sehemu ndogo, tohara haisihi. Bali rangi ya hina iliyobaki bila hina yenyewe haidhuru, wala alama ya mafuta ya majimaji ikiwa maji yanaigusa ngozi na kutiririka.

Kigezo hiki hakiulizi kitu kinaonekanaje, bali kinazuia nini au kinaharibu nini, na ndicho kinachofaa hata kwenye gari, kwani utomvu unaopashwa joto na jua huweza kuidhuru rangi, na hiyo ndiyo sababu halali ya kuuondoa. Kwa kipimo hichohicho, aliyepasua fenesi na ulimbo wake ukamganda mikononi hana najisi, lakini anapaswa kuulainisha kwa mafuta ya nazi na kuuondoa kwa sabuni kabla ya kutawadha, na likibaki doa tu lisilo na unene, udhu wake unasihi.