Meno ya Satchmo

Kuna video za Louis Armstrong ambazo hunifanya nijikunyate kwenye kiti. Si muziki, tarumbeta yake ni moto hadi leo. Ni yale meno. Anamaliza kupuliza, anapangusa jasho kwa kitambaa cheupe, halafu anatoa tabasamu kubwa ajabu, macho yamemtoka, mbele ya ukumbi wa wazungu ambao wengi wao wasingekubali alale hoteli moja nao. Kila mara swali ni lile lile: huyu mzee anajidhalilisha, ama anajua kitu ambacho sisi hatujui?

Wahenga walishatupa jibu lao: mkono usioweza kuukata, ubusu. Shida ya methali hiyo ni kwamba haisemi ubusu hadi lini. Wala haisemi kama mkono huo ukimpiga jirani yako, wewe bado uendelee tu kubusu.

Muziki wenyewe ulizaliwa ndani ya swali hili. Mwaka 1817 wakuu wa mji wa New Orleans waliamua kwamba watumwa wakitaka kukusanyika na kucheza Jumapili, wafanye hivyo mahali pamoja palipoteuliwa. Mahali hapo pakaja kuitwa Congo Square. Fikiria mtu ambaye wiki nzima mwili wake ni mali ya mwingine, anapewa saa chache apige ngoma za kwao, na wazungu wanakuja kutazama kama burudani. Miaka mingi kabla jazi haijapata jina, tayari ilikuwa na watazamaji wasiostahili.

Baadaye, katika mji huo huo, fundi viatu Mkrioli aliyeitwa Homer Plessy aliketi kwenye behewa la wazungu mwaka 1892, akakamatwa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1896 ikahalalisha utengano wa rangi. Wakrioli, ambao wengi wao walikuwa wamesomea muziki wa Ulaya na kujiona tabaka tofauti, wakajikuta wamesukumwa upande mmoja na weusi waliojifunza bluzi kwa sikio tu. Kuna watu hupenda kusema ati ubaguzi ndio ulizaa jazi. Zii. Watu ndio walioizaa. Ubaguzi uliwafungia tu kwenye chumba kimoja, kisha ukaja kudai sifa. Na santuri ya kwanza ya jazi ilipotoka mwaka 1917, ilikuwa ya bendi ya wazungu. Hapo hata sishangai.

Armstrong alizaliwa humo mwaka 1901, maskini wa kutupwa. Akiwa na miaka kumi na mmoja alifyatua bastola hewani usiku wa kuamkia mwaka mpya, akapelekwa shule ya kurekebisha watoto weusi, na huko ndiko alikofunzwa kupuliza korneti kwa utaratibu. Mwaka 1922 alihamia Chicago. Rekodi alizoanza kutoa huko mwaka 1925 na bendi yake ya Hot Five ziliubadilisha muziki wa Marekani. Kabla yake, jazi ilikuwa zaidi ya wote kupiga pamoja. Yeye akaonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kusimama mbele, aseme yake, na wengine wamsindikize. Bing Crosby alijifunza kwake. Billie Holiday alijifunza kwake. Ukisikia mwimbaji wa Kimarekani akichelewesha neno makusudi halafu analidaka mbele, unasikia New Orleans hapo.

Basi ikaja Vita Baridi. Wasovieti walikuwa wakiiuliza dunia: hawa wanaohubiri uhuru, mbona hawawaruhusu weusi wao kula nao meza moja? Jibu la Washington lilikuwa la ujanja kweli kweli. Kuanzia mwaka 1956, Wizara ya Mambo ya Nje ilianza kuwatuma wanamuziki wa jazi nje ya nchi, Dizzy Gillespie akitangulia. Yaani ule ule muziki wa watu walionyimwa kiti ndani ya basi ukawa kadi ya mwaliko ya nchi nzima.

Nyumbani, vijana wa jazi walishachoka na meno ya Satchmo. Gillespie alimkosoa hadharani. Miles Davis, ambaye mara nyingine aliwapa watazamaji mgongo, hakupenda kabisa lile tabasamu. Nawaelewa. Ukiwa na miaka ishirini na kitu, heshima ni kitu unachotaka leo, si kesho.

Lakini Septemba 1957, gavana wa Arkansas alitumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya upili ya Little Rock. Armstrong alikuwa Grand Forks, North Dakota, na aliyempata hotelini alikuwa mwandishi mchanga wa gazeti la pale, mwanafunzi bado. Mzee akafunguka. Alisema kwa jinsi watu wake wanavyotendewa Kusini, serikali iende jehanamu, na kwamba rais Eisenhower hana ujasiri. Safari ya Umoja wa Kisovieti iliyokuwa ikipangwa? Haendi. Mhariri alipotaka uthibitisho, Armstrong aliisoma habari yote na kuandika kwa mkono wake kwamba iko sawa. Kuna waliotaka asusiwe. Na ni mwaka mmoja tu tangu jimbo lake la kuzaliwa lipige marufuku weusi na weupe kutumbuiza pamoja. Bendi yake ilikuwa ya mchanganyiko, kwa hivyo New Orleans akaacha kupiga. Hakurudi kupiga huko hadi 1965.

Kwa hivyo tabasamu halikuwa limemezwa na bwana wake. Lilikuwa la kukodisha, si la kuuza. Ningeweza kumaliza hapa nikiwa nimempenda mzee, na ingekuwa rahisi sana.

Lakini kuna Kongo. Oktoba 1960, katika ziara ya Afrika iliyomfikisha hadi Kenya, Armstrong alitua Leopoldville, Kinshasa ya leo. Watu walimbeba kwenye kiti mabegani kama mfalme. Katika mji huo huo, Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyechaguliwa, alikuwa kwenye kifungo cha nyumbani. Mwezi uliofuata Armstrong alipiga pia Elisabethville, mji mkuu wa Katanga iliyojitenga. Januari 17, 1961, Lumumba aliuawa huko Katanga. Uchunguzi wa Seneti ya Marekani mwaka 1975 ulionyesha kwamba CIA ilikuwa na mpango wake wa kumuua kwa sumu. Serikali iliyoleta tarumbeta ndiyo iliyotafuta sumu.

Sidhani Armstrong alijua. Ila swali langu halimhusu yeye tena, linahusu tabasamu. Kule Marekani, gharama ya meno yale alilipa yeye mwenyewe: dharau, majina mabaya, hoteli zilizomkataa. Hiyo ni haki yake. Nani anaweza kumwambia mtu mwingine asibusu mkono ili ale? Kongo, bili ilienda kwa mwingine. Na enyewe, hapo ndipo naona mpaka. Neno heshima halinisaidii sana. Nauliza nani analipa.

Februari 1961, Abbey Lincoln na Max Roach, wanajazi wote wawili, walikuwa miongoni mwa waandamanaji walioivuruga Umoja wa Mataifa, New York, kwa sababu ya kifo cha Lumumba. Jazi ile ile, kazi nyingine.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sasa naandika kwa malipo ya kila neno. Nimesifu godoro, nimesifu mafuta ya nywele, na nalala vizuri. Wiki hii kuna barua pepe kwenye simu yangu: kampuni fulani inataka makala kumi tamu kuhusu nyumba zake mpya, zilizosimama mahali ambapo familia ninazozijua zilibomolewa vibanda alfajiri. Malipo ni kodi ya miezi mitatu. Tabasamu ninalo, na sauti yenyewe naijua. Wanataka jibu kufikia Ijumaa.