Kadi Ikifika, Uliza Umri wa Binti

Miaka mingi iliyopita nililetewa kadi ya harusi, nikachanga, nikahudhuria. Bibi harusi alikuwa kidato cha pili. Kila aliyeketi kwenye mkeka ule alilijua hilo. Tulikula pilau, tukapiga vigelegele, tukarudi makwetu. Nilijituliza kwa neno moja: sheria inaruhusu na wazazi wameridhia, mimi nani niseme?

Sheria niliyojifichia ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kilimtaka mvulana afikishe miaka 18, msichana 15. Mahakama iliweza kuruhusu hata wa miaka 14. Kifungu cha 17 kiliridhika na idhini ya mzazi. Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu ya Tanzania akipambana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu angali mwanafunzi alikuwa ameona wenzake wakikatishwa masomo kwa mimba na ndoa. Wengi wetu tuliyaona hayohayo, tukayazoea. Yeye hakuyazoea.

Vijana wangu, utazameni vizuri ujasiri huo. Alisoma kifungu kwa kifungu, akakiweka mbele ya Katiba inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria, akauliza kwa nini binti apunguziwe miaka mitatu ya utoto. Julai 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na miongoni mwa hoja ikawamo kwamba ndoa humkinga binti asizae nje ya ndoa. Hoja hiyo inaniumiza hadi leo, maana ndiyo tunayoisikia vibarazani: mtoto akikosewa, dawa iwe kumwoza! Rebeca akangoja tena miaka mitatu, hadi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilipoitupa rufaa hiyo. Serikali, kupitia Mwanasheria Mkuu, ilitakiwa kurekebisha sheria ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, sheria haikuguswa. Anayetaka kutetea haki ajiandae kwa kungoja kwa namna hiyo, tena bila kukunja mikono.

Sasa sisi watu wazima. Rebeca alipopewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018, tulimpongeza sana, na alistahili. Lakini hukumu ya mahakama haina miguu ya kuingia nyumba ambamo mahari inahesabiwa. Anayeingia humo ni mjomba, ni shangazi, ni mshenga, ni jirani kama mimi na wewe.

Basi kadi ikikufikia, uliza umri. Uliza anasoma wapi. Usimwaibishe baba mtu mbele za watu. Mfuate faragha, msalimie, ukae naye kwa heshima yake. Huenda ni ada imemshinda, au anaogopa maneno ya mtaa. Msikilize kabla hujamshauri. Akishikilia msimamo wake, nenda kwa mwalimu mkuu na kwa afisa ustawi wa jamii, hata akikununia msimu mzima. Na ule mchango uliokuwa umeutenga kwa ajili ya harusi, mwambie waziwazi kwamba ni wake bado: wa sare, wa madaftari, wa nauli ya binti kurudi darasani Jumatatu.